Waya Uliosemekana Kumtii Onzima

Kabla sijaeleza lolote, nitenganishe mizigo miwili ambayo watu wa Arua na Koboko, huku kwetu Uganda, huibeba katika gunia moja.

Niliyoyaona kwa macho yangu ni haya: waya wa kijivu wa kuandikia programu, urefu wake usiozidi mkono, bamba la umeme lililosahau kazi yake, watu wazima, baadhi yao wenye vyeo vya kanisani, wakiwa wamefumbata mayai ya kuku vifuani na makwapani, na bwana mmoja aitwaye Onzima ameketi kwenye kiti cha heshima, kiganja chake juu ya waya huo. Niliyoyasikia tu ni haya: kwamba waya huo ulimtii Onzima peke yake duniani, kwamba uliwahi kumkimbia fundi mmoja na kupatikana chini ya mlango wa Onzima, na kwamba ukikatwa hutoa damu. Sehemu ya kwanza naiwekea saini yangu. Ya pili naitaja ili mjue ni kitu gani nilichoshindana nacho.

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii sasa mna bahati na mna hasara. Bahati yenu ni kwamba kila swali lina jibu mahali fulani mtandaoni. Hasara yenu ni kwamba lina majibu mengi, na mengi kati ya hayo yameandikwa na watu waliosikia kwa watu. Nimestaafu, naishi mtaa wa Oli mjini Arua, nina muda. Nitawaambia nilichojifunza kuhusu waya, na hamna haja ya kunishukuru.

Anzeni na lililo rahisi. Bamba la umeme lenye chipu hutoka kiwandani likiwa halijui lolote, kama mgeni aliyeshushwa stendi usiku bila kuambiwa anaenda kwa nani. Fundi huliunganisha na kompyuta kwa waya maalumu na kuliandikia maagizo: washa taa joto likishuka, izime likipanda. Lakini si kila waya unaoingia kwenye tundu ni waya wa kazi. Nilimwona Koboko fundi mwenzangu, mtu mwenye cheti, akihangaika tangu asubuhi kuandikia redio za mawasiliano. Aliupuliza waya. Aliupasha jua. Alibadilisha kompyuta, kisha akabadilisha meza. Alipofikia hatua ya kuomba tubadilishe chumba, niliuchukua waya na kuutazama: ulikuwa wa kuchajia simu, wenye nyuzi za umeme tu, bila nyuzi za kupitishia habari. Tangu siku hiyo sigusi kifaa kabla sijaitaka kompyuta iniorodheshee vifaa inavyoviona. Kama haiuoni waya, hakuna dua ya kusoma.

Lililo gumu kidogo ni hili. Katika kompyuta yenye mfumo huria, kama Linux tuliyotumia sisi, kuna kiini, ambacho ndicho mwenye nyumba: vifaa vyote viko mikononi mwake. Nje ya kiini kuna programu za kawaida, ambazo ni wapangaji. Kiendeshi cha waya wetu, yaani programu inayozungumza nao, kilikuwa mpangaji. Faida yake ni kwamba kikianguka huanguka peke yake, na nyumba hubaki imesimama. Gharama yake ni kwamba lazima kiombe. Kwanza kiombe ruhusa ya kuugusa waya, kwa sababu mwenye nyumba hamruhusu kila mtu. Pili, hata kikipewa ruhusa, huenda kikakuta mwenye nyumba ameushika waya yeye mwenyewe, akidhani ni wa aina nyingine, naye hauachilii mpaka aambiwe. Kukataliwa kwa namna mbili, sababu mbili, dawa mbili. Mkiyachanganya haya mtapoteza siku yenu, na mtaanza kupuliza waya.

Mafundi wengi hukwepa yote mawili kwa kuendesha kila kitu kwa mamlaka ya juu kabisa ya kompyuta. Ni sawa na kumpa mtu funguo za nyumba nzima kwa kuwa ameomba maji ya kunywa. Maji atayanywa, ndiyo.

Aliyenifundisha haya ni Papa Flori, Mkongomani wa upande wa Aru, aliyekuwa na karakana mjini Arua kwa miaka mingi. Nilimfikia nikiwa tayari na mvi, lakini aliniita kijana mpaka alipoondoka.

"Kijana," alikuwa akisema, "mashine ikikatala, inakuambiaka sababu. Mutu ndiye anadanganyaka. Soma kwanza, utalia nyuma."

Papa Flori ndiye aliyemzaa Onzima wa hadithi, yaani Onzima wa waya. Onzima mwenyewe alikuwa mlinzi wa karakana: mrefu, mpole, mwenye koti zito alilolivaa hata Januari. Siku Papa Flori alipoiandaa kompyuta mpya ya karakana, mfumo uliuliza jina la mtumiaji. Onzima alikuwa amesimama mlangoni. Papa Flori akaandika "onzima", akamwita aje achague neno la siri, akageuza uso pembeni kama mtu mwenye adabu. Kisha akaandika kanuni ya waya, faili fupi linaloiambia kompyuta nani aruhusiwe kuugusa, na humo akaweka jina moja tu. Hili halikunifikia kwa kusikia. Nilimwona akiliandika, na baada ya yeye kurudi kwao nililifungua faili hilo nikalisoma tena. Kwa nini hakuongeza jina lingine, nilimwuliza kabla hajaondoka.

"Mulinzi ambaye tunamuita kila saa," akajibu, "hawezi kulala."

Basi kwa miaka yote hiyo, kila kazi ya kuandika programu ilianza kwa kumwita Onzima kutoka getini. Aliingia, akavua kofia, akaandika neno lake la siri kwa kidole kimoja huku mkono wa pili umefunika vibonye, akachomoa waya na kuuchomeka upya kama Papa Flori alivyomwagiza, kisha akauwekea kiganja mpaka kazi iishe. Kuchomoa na kuchomeka kulikuwa na maana: kanuni husomwa wakati waya unapoingia, si baadaye. Kiganja hakikuwa na maana yoyote. Alikiweka siku ya kwanza kwa sababu meza ilikuwa imeinama na waya uliteleza, na hakuna aliyemwambia aache.

Wateja waliokuwa wakisubiri kwenye benchi waliyaona hayo yote. Waliona pia kwamba Onzima akienda msibani, kazi ililala. Sasa niambieni, mtu mwenye akili angehitimisha nini? Walichokiona kilikuwa kweli tupu. Ni maelezo yake tu yaliyokuwa upuuzi.

Karakana ilifungwa. Kompyuta yake ikafa kifo cha kawaida. Onzima akapata kazi Oraba, kulinda yadi ya wakala wa forodha pale mpakani. Waya ulibaki kwangu, nikausahau ndani ya sanduku, mpaka Mama Keji wa kijiji cha Lurujo aliponipigia simu.

Mama Keji alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga aliyotengenezewa na Papa Flori: sanduku la mbao, taa za joto, betri ya sola, na bamba la kulinda joto. Alikuwa amemtoa mtamba wake wa pekee akapewa mayai ya kuku wa mbegu bora, akayajaza trei zote. Mayai yalikuwa yamebakiza siku moja au mbili tu kuanguliwa. Usiku wa kuamkia simu hiyo radi ilipiga karibu, na asubuhi taa za mashine hazikuwaka. Yakipoa, yatakuwa mayai viza, na mtamba hatarudi.

Nilipofika kwa boda boda kutoka Koboko nilikuta mayai hayamo ndani ya sanduku. Yalikuwa ndani ya watu. Wanawake walikuwa wameyafunga matumboni kwa vitenge, wamekaa ukutani bila kucheka ili yasigongane. Mzee mmoja alikuwa na matatu ndani ya kofia ya sufu, na kofia iko kichwani. Katekista, aliyekuwa na homa ya malaria na amekwisha kumeza dozi yake ya kwanza, alilazwa kwenye mkeka na kupewa mengi kuliko wote.

"Katekista iko moto sana," Mama Keji alinieleza. "Mungu amemtuma na malaria yake."

"Msiniletee uji," katekista alisema chini ya blanketi. "Nikitoka jasho nitapoa."

Nilitaka kukemea. Kisha nikafikiri. Joto la mwili wa mtu linakaribia sana lile ambalo bamba liliagizwa kulilinda. Walikuwa wamefanya jambo sahihi kabisa, isipokuwa lile la kofia. Nikanyamaza, na Mama Keji akatumia ukimya wangu kuniwekea yai kwapani, chini ya shati.

"Kila mutu anashika," alisema. "Hata fundi."

Nikalitoa, nikalitia alama ya penseli, nikalirudisha, kwa kuwa sipendi kuwajibika kwa yai la mtu mwingine.

Nililichunguza bamba. Radi haikuunguza chochote. Ilikuwa imefuta maagizo tu, na nakala ya maagizo hayo nilikuwa nayo. Kijana asiyehifadhi nakala asijiite fundi mbele yangu. Nikafungua kompyuta yangu ya mkononi, nikachomeka waya.

"Onzima iko wapi?" Mama Keji aliuliza.

"Onzima hahitajiki."

"Hii waya bila Onzima hapana fanya kazi."

"Nani amesema?"

"Watu yote nasema!"

"Watu wote si shahidi, mama. Nakwambia itafanya kazi."

Nikatoa amri. Kompyuta ikajibu kwamba ruhusa imekataliwa. Bila shaka ilikataa: kompyuta hii haikuwahi kuuona waya huo, na sikuwa nimeiandikia kanuni. Lakini jaribuni kulieleza hilo mbele ya ukuta wa wanawake wenye mayai matumboni. Walitazamana tu, na ule utazamaji ulinichoma kuliko matusi. Kwenye mkeka sauti ikasema, "Ameona sasa." Mama Keji alimgeukia mwenye boda boda aliyenileta, akamwambia aende Oraba, na asirudi bila Onzima.

Nikaandika kanuni ya ruhusa. Safari hii sikuweka jina la mtu. Niliweka kundi la watumiaji, ambalo yeyote anaweza kuingizwa. Nikachomoa waya, nikauchomeka upya.

"Sasa itafanya," nikatangaza.

Amri ya pili. Kompyuta ikajibu kwamba kifaa kina shughuli. Mwenye nyumba alikuwa ameukamata waya, akiudhani ni waya wa kawaida wa mawasiliano. Ni kule kukataliwa kwa pili nilikowaambia, na kulikuwa habari njema, kwa maana ruhusa ilikuwa imekubaliwa. Nikasema kwa furaha kwamba sasa kompyuta inatukatalia kwa sababu nyingine.

"Sababu iko ngapi, mzee?" aliuliza yule wa kofia ya sufu.

"Mbili."

"Na Onzima iko moja," alisema.

Nikaiambia kompyuta iondoe kiendeshi chake cha kiini kwenye waya huo, waya huo tu. Nikaitaka inionyeshe nani anaushika: hakuna. Nikaliuliza bamba jina la chipu yake, na chipu ikajibu. Njia ilikuwa wazi. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza kibonye kimoja. Kidole changu kilikuwa juu yake Mama Keji alipoiteremsha skrini ya kompyuta taratibu mpaka ikanigusa vidole.

"Ngoja Onzima."

"Mama, iko tayari. Chipu imejibu. Nimeiona."

"Umesema itafanya, ikakataa. Umesema tena itafanya, ikakataa. Sasa unasema mara ya tatu." Hakuwa na hasira. Mikono yake miwili ilikuwa imelishika tumbo lake la mayai. "Mimi ninajua maneno yako mbili, na yote mbili hapana kuwa kweli. Ukiharibu hiyo kitu, mimi napata wapi mtamba ingine?"

Nimefundishwa na watu wengi, wengine wenye shahada. Sijawahi kubanwa hivyo kwa kanuni yangu mwenyewe. Ushahidi uliokuwa mbele ya mwanamke yule ulikuwa ni majigambo mawili ya fundi na kushindwa kuwili. Angeniamini kwa msingi gani? Kwa kuwa nina mvi? Huko ndiko kusikia kwa watu. Nikatoa vidole vyangu, nikangoja.

Boda boda ilirudi na watu wawili nyuma ya dereva. Wa kwanza alikuwa Onzima na koti lake. Wa pili alikuwa wakala wa forodha, bosi wake, aliyesema hamwachilii mlinzi wake kwenda Lurujo kugusa-gusa waya bila usimamizi. Hakuwa ameketi vizuri alipopewa mayai manne na kuelekezwa ukutani. Simu yake haikunyamaza.

"Lori ipite, ipite tu!" nilimsikia akisema. "Mimi hapana weza simama. Iko na kitu... Iko kikao! Hapana, hapana cheka, niko kikaoni!"

Onzima alinisalimu kwa heshima, akaomba maji ya kunawa, akaomba kiti chenye mgongo. Kikaletwa kutoka kanisani. Akavua kofia, akaketi, akaniinamia sikioni.

"Mzee," alininong'oneza, "hii kompyuta si ile. Ile neno yangu ya siri itafanya kazi hapa?"

"Haihitajiki."

"Basi mimi nafanya nini?"

"Kwa kadiri ya ujuzi wangu," nikamwambia, "hakuna."

Aliwatazama wanawake, kofia ya sufu, bosi wake, blanketi la katekista lililokuwa likitetemeka. Kisha akaweka kiganja chake juu ya waya, kwa uzito ule ule wa siku za karakana, na kuniambia kwa sauti ya kusikika na wote:

"Fundi, endelea."

Mama Keji akainua skrini. Nikabonyeza. Maagizo yakaandikwa, kompyuta ikayasoma tena kutoka kwenye chipu na kuyalinganisha na nakala, ikasema yanafanana. Ndani ya sanduku taa zikawaka.

Sitaki kuueleza mlio uliotoka ukutani. Hawakuweza kupiga makofi kwa sababu ya mayai, kwa hiyo walipiga vigelegele wakiwa wamekaa wima kama mishumaa. Onzima alishukuriwa kwa jina. Mimi nilishukuriwa kwa kumleta.

Hapo nikafanya kosa la msomi: niliomba jaribio. Niliwaeleza kwamba kisayansi hatujui kama kiganja kilisaidia, na kwamba nikifuta maagizo na kuyaandika upya, Onzima akiwa amesimama nje, tutajua kwa hakika.

"Ufute?" Mama Keji aliuliza.

"Kwa muda mfupi tu."

"Nyinyi sikieni! Mashine inafanya kazi, na fundi anataka kuiua ili ajue nani ameiponya!"

Walicheka mpaka mzee wa kofia akalazimika kuishika kwa mikono miwili. Jaribio halikufanyika. Kwangu Oli, baadaye, nimeandikia mabamba mengine kwa waya ule ule, Onzima akiwa Oraba, na hayakukataa. Nilipompigia Mama Keji kumwarifu, alinijibu kwamba Oli ni Oli na Lurujo ni Lurujo. Kuhusu bamba lile, siku ile, kweli siwezi kuapa kwamba kiganja hakikuhitajika. Naweza kuapa tu kwamba nilikuwa nimeisoma mashine nayo haikuwa ikikitaja. Vijana, tofauti kati ya viapo hivyo viwili ndiyo kazi yetu yote.

Joto lilipotulia kwenye kipimo, mayai yalirudishwa kwenye trei, moja moja, kila mtu akileta ya kwake kama sadaka. Nilisimama pale mpaka jua lilipoanza kuelekea Congo. Niliona nyufa kwenye maganda. Niliona midomo midogo ikitokeza katika zaidi ya yai moja, na Mama Keji akiwa amepiga magoti mbele ya kioo cha sanduku.

Baada ya hapo ni kusikia. Nimesikia yote yalianguliwa. Nimesikia ni nusu. Nimesikia ya katekista yalitangulia, naye akapona malaria siku hiyo hiyo. Nilipita Lurujo miezi kadhaa baadaye na kukuta uwanja wa Mama Keji umejaa kuku, na ndama mmoja amefungwa kando. Sikuwepo kuku hao walipotoka maganda, na ndama sikumwuliza ametoka wapi.

Yai langu sikulirudisha kwenye trei. Nilipoingiza mkono kwapani kulitoa, kitu kilinidonoa kidole, na alama yangu ya penseli ilikuwa imepasuka katikati. Mama Keji alilitazama, akanifungia vidole vyangu juu yake, akasema, "Huyu amekuchagua." Kama alichagua, sijui. Ni jogoo sasa, mwekundu, ana kilema cha kuwika mchana. Amesimama juu ya sanduku lenye waya ninapoandika mstari huu, na anawika.